Nne kwa Tatu Ukutani

Dolní Bukvice, 23 Machi 1969

Mdogo wangu Anežka,

Juzi niliwachapa Warusi mbili bila, mimi mwenyewe, kwa mkono huu unaoandika, na wala sikutoka jasho. Watangazie wagonjwa wenzako wote.

Haya, basi, najua umeshaanza kukohoa kwa kucheka. Sikumchapa mtu. Waliocheza ni vijana wetu wa mpira wa magongo wa barafuni, kule Stockholm, na bao la kwanza lilipoingia mimi nilikuwa baa kwa Vlasta nimesinzia na bia mkononi. La pili nililiona nusu. Nusu nyingine ilizibwa na kichwa cha Jílek mpeleka barua, ambaye Mungu alimpa kichwa kikubwa kisha akasahau kukijaza.

Huku hatujambo. Kuku tisa wanataga, wa kumi anakula bure kama mwenyekiti wa kijiji. Radim mwanao mzima, anapasua mbao kiwandani, anakula chakula cha watu wawili na bado hana mchumba. Nikimuuliza ananiambia, “Mjomba, wewe una miaka sabini na moja hujaoa, unanifundisha nini?” Mdomo huo kaurithi kwako.

Sasa jambo lenyewe. Mechi ilipoisha tulipiga kelele mpaka glasi zikatikisika rafuni. Kalina, yule mtunza daftari wa Chama, akasimama akasema, “Ndugu zangu, huu ni mchezo tu.” Kiti cha Vlasta cha miguu mitatu kikamfuata. Sasa kina miguu miwili, na Kalina ana nyuzi sita juu ya jicho. Nani alikirusha sijui, nilikuwa nimeinama nafunga kamba za kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Tulipokuwa tunarudi tukapita kiwanda cha sukari, mahali wanapolala wale wageni wetu tangu walipokuja na vifaru Agosti. Radim akapiga mluzi. Askari mmoja langoni akakoki bunduki. Nikamshika mwanao kola nikamburuta kama ndama. Kwa hiyo tulia.

Tarehe 28 tunarudiana nao. Siku hiyohiyo namchinja nguruwe wetu, kwa ajili ya Pasaka. Padri amenuna kwamba ni Ijumaa ya mfungo. Nimemwambia nguruwe si Mkatoliki.

Januari nilibeba sanduku lako mgongoni kwenye theluji mpaka stesheni, kilomita nne, ukaniahidi soksi za sufu. Miguu yangu inakuulizia.

Kakako,
Bohumír

Na wewe ndugu unayefungua barua za watu katikati ya njia, habari za nyumbani? Ukimaliza gundisha vizuri, ya mwezi uliopita ilifika imepinda.


Tatra, hospitali ya kifua, 27 Machi 1969

Kaka Bohumír,

Nimepata barua yako, imegundishwa vizuri. Nakula, nalala kibarazani juani kama mjusi, joto la mwili linapanda jioni na kushuka asubuhi. Daktari anaangalia picha ya kifua changu na kusema “mm”. Nikimuuliza mm maana yake nini, anasema “mm” tena.

Mechi na sisi tuliiona. Wanawake ishirini, mapafu thelathini, na kelele zetu zilisikika bondeni. Muuguzi mkuu akaja kuzima televisheni, eti furaha inapandisha homa. Bibi mmoja wa Brno, mwembamba kama uzi, akamtandika kichwani na kikopo chake cha makohozi. Kikopo kilikuwa na mzigo. Wote tumenyimwa kahawa wiki nzima, na hakuna anayejuta.

Lakini nisikilize. Habari ya Radim na mluzi wake sijaipenda. Mume wangu alikwenda mgodini asubuhi akaletwa jioni juu ya ubao. Sina mwingine wa kuletewa juu ya ubao. Uliniapia pale stesheni, mkono juu ya sanduku langu, kwamba utamlinda. Kesho usimwachie aende baa. Mfungie ndani, mwambie akusaidie nguruwe. Najua anazimia akiona damu tangu alipokuwa mdogo. Bora azimie jikoni kwako kuliko mbele ya bunduki ya mtu.

Soksi zinakuja. Moja imefika kisiginoni.

Anežka


Dolní Bukvice, 7 Aprili 1969, Jumatatu ya Pasaka

Mpendwa Anežka,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema na hali ya matumaini. Barua yako ya tarehe 27 ilifika tarehe 31. Jílek ameumia bega, mzunguko anaufanya mkewe, naye hutembea kana kwamba amelipwa kwa kila jiwe analolikanyaga.

Mechi mmeiona. Nne kwa tatu. Kisha Jumapili Waswidi wakatufunga bao moja, tukawa wa tatu. Umewahi kusikia kitu kama hicho? Unampiga bingwa mara mbili, halafu bingwa anabaki bingwa, na wewe unapewa shaba. Niliwaambia baa kwamba hayo ndiyo maisha ya Mcheki, hakuna aliyecheka.

Nguruwe alikuwa na kilo mia moja na themanini. Soseji za damu zimetoka nzuri.

Leo vijana wamezunguka na fimbo zao za kusuka kuwachapa wasichana wapate afya, kama kila Pasaka. Walikuwa wachache. Radim hakwenda, amekua mkubwa kwa mambo hayo. Anakusalimu sana. Mkono wake umeteguka kidogo, ndiyo maana haandiki.

Kuku ni wanane sasa.

Wako katika undugu,
Bohumír


Tatra, 13 Aprili 1969

Bohumír,

Umeniandikia barua ya heshima. “Katika afya njema na hali ya matumaini.” Miaka hamsini na nane nipo duniani, hujaniandikia barua ya heshima hata nilipofiwa na mume. Nani amekufa?

Mkono wake umeteguka, sawa. Mdomo je? Radim angekuambia uniandikie utani wake mmoja, hata wa kipumbavu. Na fimbo ya Pasaka mwanangu huisuka mwenyewe tangu ana miaka mitano. Mwaka jana, ana miaka ishirini na sita, alimchapa Vlasta wa baa mpaka Vlasta akampa mayai kumi na mawili na kofi.

Hapa siku mbili baada ya mechi ile wametuondolea televisheni. Bibi wa Brno amehamishwa. Magazeti yanasema wahuni walivunja vioo mji huu na mji ule. Bukvice haikutajwa. Nilisoma kila mstari, Bohumír, kwa miwani ya mtu mwingine.

Nakutumia soksi ya kulia. Ya kushoto ipo hapa kwenye sindano, na itabaki kwenye sindano mpaka uniambie mwanangu yuko wapi.

Anežka


Dolní Bukvice, 20 Aprili 1969

Anežka,

Soksi inanitosha. Mguu mmoja una joto, mwingine unaona wivu.

Mwanao yuko hai. Nimeanza na hilo, sasa vuta pumzi kwa hayo mapafu uliyonayo.

Yuko mahabusu ya wilaya tangu tarehe 29 Machi. Mchana wa tarehe 28 nilimfungia kama ulivyotaka, ingawa barua yako ilikuwa bado njiani. Alivunja dirisha la stoo akaenda baa. Bao la nne lilipoingia baa ikamwagika barabarani, watu arobaini, na masufuria, na kengele ya ng'ombe, na mke wa mwalimu akiwa na ndala za nyumbani. Wakaenda kiwanda cha sukari. Mwanzo ilikuwa nyimbo. Halafu mtu akarusha jiwe kwenye taa ya lango, na baada ya jiwe la kwanza mikono ya watu haikujizuia tena. Vioo vyote vya ghorofa ya chini vilikwenda. Askari mmoja, mtoto tu, masharubu hayajaota, alipigwa na chupa sikioni, sikio likabaki linaning'inia kama jani. Ndipo walipotoka na vitako vya bunduki. Jílek alivunjwa bega, nilisikia mfupa kutoka ng'ambo ya barabara, kama tawi kavu. Mke wa mwalimu aliburutwa kwa nywele mpaka kwenye mfereji. Walipiga risasi hewani, kisha chini kidogo ya hewa. Mbwa wa Vlasta hayupo tena.

Katikati ya vurugu hizo mtu fulani akaandika ukutani, upande wa nyuma usio na mlinzi, 4:3, tarakimu za kimo cha mtu. Asubuhi Warusi walidhani ni rangi. Sajini Hrubeš wetu akaitwa. Unamjua Hrubeš, anavyokula kwetu kila ninapochinja. Alitia kidole ukutani akanusa. Akalamba, Anežka! Mbele ya kamanda wao! Akasema, “Damu ya nguruwe. Ina tangawizi na ganda la limau.”

Wilaya nzima hutia kitunguu saumu. Tangawizi na ganda la limau ni jiko moja tu.

Walifika saa mbili. Koti la Radim lilikuwa kwenye msumari wake, mkono wa kulia umekauka damu mpaka kwenye kiwiko. Hrubeš akauliza, “Koti la nani hili?” Radim akasema, “Langu.” Wakampiga pale pale jikoni, kwenye kizingiti ulichokuwa unakaa kumenya viazi. Taya limevunjika. Kisha wakamchukua. Hawaruhusu mtu kumwona, wanasema kesi yake ni ya miaka mitatu.

Sasa unajua. Naomba soksi ya pili.

Bohumír


Tatra, 12 Mei 1969

Bohumír,

Sikuandika kwa sababu wino ulikuwa mbali na kitanda.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Inaeleza kila kitu, isipokuwa mahali ulipokuwa wewe.

Mwanangu akiona damu anaanguka. Hawezi kubeba ndoo ya damu hatua kumi, sembuse kuchovya mkono ndani yake na kuandika tarakimu za kimo cha mtu. Tangawizi na ganda la limau mama alitufundisha watoto wake wawili. Mmoja alikuwa huku Tatra akikohoa.

Na koti. Siku ya kuchinja koti lako hulowa maji ya moto, kila mwaka, kwa sababu huna akili ya kulivua. Kila mwaka unachukua la mtu mwingine kwenye msumari.

Aliposema “langu”, wewe ulikuwa umekaa wapi jikoni?

Usinijibu kwa barua. Jibu kwa miguu.

Anežka


Mahabusu ya wilaya, 2 Juni 1969

Mdogo wangu Anežka,

Huku hatujambo. Sisi ni sita chumbani, ndoo moja, dirisha dogo kama barua. Mmoja aliiba ng'ombe, mmoja alimpiga mkwe wake kwa sepetu, na wote wananiheshimu kwa sababu ya ukuta. Mwandiko wako wa mara ya mwisho ulikuwa unateremka kama wa mtu aandikaye akiwa amelala chali. Nimeuliza mtu anayejua mambo ya kifua. Sasa najua “mm” ya daktari maana yake nini, na pafu limebaki moja. Ungeniambia. Haya, na mimi ningekuambia.

Uliuliza nilikaa wapi. Kwenye stuli karibu na jiko, na suruali ya ndani, naosha matumbo. Hrubeš alipouliza koti la nani, Radim aliniangalia. Mara moja tu. Mimi nikaangalia beseni. Nilikuwa nimelewa usiku ule, nimesikia nne kwa tatu dirishani, nikachukua ndoo na koti lililokaribia mkono. Nilidhani ni mzaha mzuri kuliko mizaha yote niliyowahi kufanya. Asubuhi ukaja na buti. Taya lake lilipovunjika nilisikia, na bado niliendelea kuosha matumbo. Mimi ambaye nimechinja nguruwe elfu mbili sijawahi kuogopa kiumbe kwa kiasi kile.

Barua yako ilipofika nilikwenda kituoni siku ileile. Nikasema, “Hrubeš, ni mimi.”

Akasema, “Nenda nyumbani, mzee. Wilaya wameshaandika mhuni kijana, adui wa urafiki wa mataifa. Nikiwapelekea kikongwe mlevi nitaonekana mjinga.”

“Kwani sasa hivi unaonekana nini?”

Akanitupa ngazini.

Nikafikiri. Alhamisi ni siku ya soko, na Alhamisi ile walikuja wakubwa wa wilaya kukagua. Alfajiri nilimchinja jike letu, yule mwenye mabaka. Ndiyo, mwezi wa tano, na nzi wote wale, watu wakaniona kichaa. Nikakoroga damu kama mama alivyotufundisha, upande mmoja bila kupumzika mpaka ipoe. Tangawizi. Ganda la limau la Krismasi, lile ulilolikausha mwenyewe. Nikabeba ndoo kupita katikati ya soko, na mbele ya ukuta mweupe wa kituo cha polisi nikavua kofia, nikawasalimia wote, nikaandika 4:3.

Vlasta akapaza sauti, “Hrubeš, njoo ulambe!”

Soko zima likacheka, Anežka. Hata waliokuja kukagua, mmoja alijifunika kwa kitambaa. Hrubeš akatoka, akaona, akaona na wanaomwona. Akatia kidole. Ilibidi, mkubwa wake alikuwa anamtazama. Akanitazama kwa macho ya mtu anayejua hatakula kwangu tena maishani, akasema polepole, “Ndiyo hii.” Halafu akanipiga kirungu mdomoni. Meno niliyokuwa nayo hukuyapenda kamwe, kwa hiyo hakuna hasara.

Walileta picha ya ukuta ule, wakaiweka na picha ya huu. Mkono mmoja, kimo kimoja, na kila mstari unapomalizikia nimepangusa kidole ukutani, kama ninavyopangusa kisu. Nilisema yote. Nilisema na la koti. Mimi wamenipa miezi kumi.

Tarehe 29 walimtoa Radim. Tulikutana kwenye korido, yeye anatoka, mimi naletwa. Amekonda, taya limekwenda upande, anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Alinitazama. Kisha akanipiga ngumi ya tumbo, moja, nzuri, ya mtu wa mbao, nikakaa chini. Akainama, nikadhani ni ya pili. Akaninyanyua kwa kwapa akanishika pale, muda mrefu, mpaka mlinzi akakohoa.

“Hiyo ni ya kimya chako, mjomba,” akasema. “Ya koti nitakudai ukitoka.”

Atakuja kwako Jumapili kwa treni ya saa nne. Mpikie kitu laini. Usimchekeshe, taya bado linamuuma, na mkianza nyinyi wawili hamjui kunyamaza. Akikuuliza habari ya pafu mwambie ukweli, katika familia hii imetosha.

Mlinzi anayesoma hii, salamu. Ni kijana mzuri, anaandika na yeye kwa mama yake, anakosea zaidi yangu.

Wananiuliza maswali bado, kila Jumanne na Ijumaa, wanataka majina ya wengine waliokuwa ukutani. Nawaambia nilikuwa nafunga kamba za kiatu. Hawajafurahi, kila mara wananivua kiatu cha kushoto, lakini hilo ni lao.

Sasa mimi nimejibu kwa miguu kama ulivyotaka, na kilomita nne za sanduku lako hazijafutika. Mpe Radim ile soksi ya kushoto anipitishie akirudi. Ila ifumue kwanza, uianze upya, pana sana mbele, na kisigino kirefu. Kipimo cha zamani mguu huo hauingii tena.

Kakako,
Bohumír